Udongo wa Hawe

Mbeyu hakuhitaji kumtazama mjukuu wake ili ajue kama ana kitu kinywani. Alimsikiliza tu. Kinywa kikiwa kitupu, mtoto alikuwa na kelele za kila namna: mara anaimba, mara anagombana na kuku, mara anaita "Hawe! Hawe!", kama Wagiriama wanavyomwita nyanya. Akinyamaza ghafla, Mbeyu aliacha lolote alilokuwa akilifanya, akamfuata, akamshika taya kwa mkono wa kushoto na kumpitishia kidole kidogo cha kulia nyuma ya shavu. Hakukosa kitu.

Alishatoa humo kifungo cha shati, ganda la kitunguu, kipande cha kandambili, mkaa, punje za mahindi ya kuku, na siku moja mkia wa mjusi uliokuwa bado unacheza. Vyote alivitia katika kopo tupu la siagi, na jioni bintiye Velma akirudi kutoka kiwandani, alimmwagia sakafuni.

"Haya, mavuno ya leo hayo."

Velma alishika kichwa, akacheka. "Mama, bila wewe huyu mtoto angeshatumaliza."

Maneno hayo Mbeyu alikwenda kulala nayo.

Walikaa ua mmoja huko Timbwani, Likoni. Velma na mumewe Clifford walipanga vyumba viwili upande wa barabara, na Mbeyu, mjane, alikuwa na chumba chake upande wa jikoni. Clifford, kijana wa Butere, aliendesha mashine ya kunyanyulia makontena kule Changamwe. Alfajiri yeye na mkewe walivuka feri, wakarudi jua limekwisha kuzama. Mchana kutwa mtoto alikuwa wa Mbeyu. Kwenye cheti cha kuzaliwa aliandikwa Justus, jina la marehemu babake Clifford. Lakini wazazi wakishatoka, Mbeyu alimwita Ziro, jina la babake yeye mwenyewe, na mtoto aliitika bila ubishi.

Alipotimiza mwaka mmoja na miezi minne, ndipo alipokuja Milcah.

Milcah alikuwa mamake Clifford. Alikuwa mwalimu wa watoto wa chekechea kwa miaka thelathini, amestaafu Desemba, na tangu Desemba hiyo alikuwa akisema atakuja kumwona mjukuu. Alishuka kwenye tuktuk mchana wa Jumamosi, mwanamke mwembamba mrefu mwenye miwani, amebeba kikapu cha katani na begi moja.

"Karibu, Mama Clifford. Pole na safari."

"Asante, Mama Velma. Nimefika. Mtoto ako wapi?"

Mbeyu aliisikia hiyo "ako" ya watu wa bara ikamkwaruza sikio, lakini akatabasamu. Alijua litakalotokea. Ziro hakuwa mtoto wa kuendea wageni; hata muuza maji, aliyemwona kila siku, alimlilia. Mbeyu akasimama pembeni, mikono kifuani, akingojea kilio.

Milcah hakumnyoshea mtoto mikono. Alipiga magoti pale pale uani, akatoa kijiko cha mbao ndani ya kikapu, akakitia kinywani mwake mwenyewe na kukitafuna kama muwa. Ziro akakaza macho. Kisha akateremka kizingiti kwa matako, kama kawaida yake, akajikokota mpaka pale, akamnyang'anya kile kijiko na kukitia kinywani mwake. Milcah akacheka. Mtoto naye akacheka, mate yakimtiririka kidevuni.

Mbeyu alijikuta amekunja ngumi ndani ya leso.

Kikapu kile kilikuwa na mambo. Milcah alikijaza vitu vya kutiwa kinywani: kijiko, kikombe cha bati, kitambaa kigumu kilichofungwa fundo, na kifuu cha nazi alichokisugua mpaka kikawa laini, na kifuu chenyewe alikiokota jikoni kwa Mbeyu. Kila asubuhi alivichemsha vyote sufuriani.

"Mtoto wa umri huu anakijua kitu kwa ulimi kabla hajakijua kwa macho," alimweleza Velma. "Ukimnyang'anya kila kitu, atatafuta cha kujificha nacho. Wewe mchagulie kilicho kikubwa, kisichomezeka, kisha mwache."

"Kumbe!" Velma akasema. Akamgeukia mamake. "Umesikia, Mama?"

Mbeyu alikuwa amesikia. Alikuwa amelea watoto watano na kuzika mmoja, na hakuna hata siku moja alipochemsha kijiko ili mtoto akitafune.

Ubaya ni kwamba mambo yale yalifanya kazi. Ziro alikaa na kikapu chake asubuhi nzima, akilamba hiki, akigonga kile. Alipotulia, Mbeyu alikurupuka kama kawaida, akamfungua taya, na kumbe kinywani hamna ila ncha ya kijiko. Kopo la siagi lilikaa siku tatu bila kitu. Siku ya nne Mbeyu alitia kijiwe alichokiokota mwenyewe mlangoni, na jioni akammwagia Velma, lakini Velma alikuwa akimtazama Milcah, ambaye alikuwa akimfundisha mtoto kusema "Kukhu", yaani nyanya kwa kwao.

Mtoto alilisema jina hilo siku ya sita. Kukhu! Alilisema akiwa mgongoni mwa Mbeyu.

Mwezi ambao Milcah alisema atakaa uliisha, naye hakutaja safari. Asubuhi moja Mbeyu alikuwa bombani, ndoo inajaa, akasikia sauti zikitoka dirishani mwa Clifford.

"Huko nyumbani kuna nafasi," Milcah alikuwa akisema. "Kuna maziwa ya ng'ombe wetu. Mama Velma ni mtu mzuri, lakini amechoka, Cliff. Humwoni anavyoshika kiuno akiinuka? Nipeni mtoto nikae naye mpaka afike umri wa kwenda shule."

Mbeyu aliufunga mfereji ili asikie vizuri.

"Tutaongea na Velma," Clifford akajibu.

Hakukataa. Hilo ndilo Mbeyu alilolibeba pamoja na ndoo. Angesema "haiwezekani, mama," mambo yangeishia hapo. Lakini alisema wataongea. Basi yeye amechoka! Yeye aliyempokea mtoto huyu angali na kitovu chake, aliyekesha naye alipoota jino la kwanza! Siku nzima hakumwambia Milcah neno ila la lazima, na kila alipoinuka alijizuia kushika kiuno.

Jumatano iliyofuata Milcah alikwenda kwenye ibada ya akina mama. Ziro alimwona akitoka, akamfuata mpaka lango la ua, akashika mbao kwa mikono miwili na kulia. Alilia kwa jina. "Kukhu! Kukhuuu!" Mbeyu alimwimbia, akamwonyesha kuku, akamvunjia yai, akamkorogea uji. Mtoto alijitupa chini, kamasi na machozi vimechanganyika, akaendelea kumwita mtu ambaye miezi miwili nyuma hakumjua.

Mbeyu alichoka, akakaa kwenye mkeka. Akafungua pindo la leso, akatoa udongo wake.

Udongo ule alianza kuula alipokuwa na mimba ya Velma na hakuuacha tena: ule mgumu wa kijivu unaouzwa sokoni kwa mafungu, ambao wajawazito huugugunya. Akauma kipande. Ukamvunjikia menoni, kruu.

Ziro akanyamaza. Akageuka. Akaja kwa magoti, akapanda mapajani mwake, akamtazama kinywa kinavyotafuna. Kisha akafanya jambo lililomshangaza Mbeyu: akamshika nyanyake taya kwa mkono mmoja, akamwingizia kidole kidogo nyuma ya shavu, kama yeye anavyofanyiwa kila siku, akatoa kibonge cha udongo na kukitia kinywani mwake.

Kidole cha Mbeyu kilinyanyuka chenyewe kwenda kumtoa. Kikafika nusu ya njia.

Mtoto alikuwa akimumunya, macho kayafumba nusu, ametulia kama aliyenyonya akashiba. Akalaza kichwa kifuani pake. "Hawe," akasema.

Mbeyu akakirudisha kidole.

Siku ya pili mtoto aliamka, akakipita kikapu cha Milcah bila kukitazama, akaja moja kwa moja chumbani kwa Mbeyu na kushika pindo la leso. Mbeyu alitazama mlangoni, akamng'atia kipande kidogo sana, kisichoweza kumkaba, akamtilia kinywani. Aliambiwa na nani kwamba ni vibaya? Yeye mwenyewe si anaula miaka thelathini na yu hai? Na mtoto mwenyewe si alikuwa akilamba ukuta tangu hata hajatambaa? Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini kila mara alimpangusa midomo kwa kitambaa chenye maji, na asingepangusa kama lingekuwa jambo la mchana kweupe.

Milcah alikaa na kikapu chake peke yake. Alitikisa kikombe, akaimba, akatafuna kijiko. Ziro alimtazama kidogo kisha akarudi kwenye leso ya Hawe.

"Huyu mtoto amenichoka," Milcah alisema jioni moja, akicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu.

"Watoto ndivyo walivyo, Mama Clifford," Mbeyu akajibu. "Hujui kesho atamtaka nani."

Chakula cha usiku huo alikiona kitamu kuliko vyote alivyokula mwaka ule.

Ukaisha mwezi wa pili. Mvua kubwa zikapungua, na Ziro naye kama aliyepungua pamoja nazo. Alilala mchana mara mbili, mara tatu. Uji aliusukuma. Alipoanguka hakuwa na nguvu za kulia; alikaa pale pale alipoangukia, akashika ukuta na kuulamba. Velma alisema ni meno. Clifford alisema ni joto. Mbeyu alipunguza vipande vikawa vidogo zaidi, kisha mtoto akilia, akaongeza.

Aliyegundua ni Milcah. Alikuwa akimwogesha kwenye beseni, akamgeuza kiganja, akakileta karibu na miwani. Akamvuta kope la chini. Akamvuta na la jicho la pili.

"Clifford," akaita, maana siku hiyo mwanawe alikuwa na mapumziko. "Njoo uone. Mtoto hana damu."

Walikwenda kituo cha afya wote watatu, Mbeyu amembeba mtoto mgongoni. Muuguzi alimtoboa kidole, na mtoto hakuvuta hata mkono. Wakapima na choo. Walipoitwa tena ndani, muuguzi alikuwa ameshika karatasi.

"Damu ni saba. Mtoto wa umri huu tunataka kumi na moja kwenda juu. Na ana minyoo." Aliwatazama mmoja mmoja. "Anakula udongo?"

Mbeyu aliona kinywa cha muuguzi kikingoja. Alisikia feni ikizunguka. Neno lilikuwa pale pale ulimini, dogo, silabi mbili tu. Alimtazama mtoto badala yake, akamweka sawa leso.

"Mimi sijamwona akila udongo," Milcah akasema. Sauti ilikuwa chini. "Lakini mimi nimekuwa nikimwachia vitu mdomoni. Vijiko, vikombe. Nimekuwa nikivichemsha, lakini labda siku moja nilisahau. Labda ni mimi."

"Vyombo vikiwa safi havina neno," muuguzi akasema. "Ila minyoo njia yake ni hiyo hiyo ya mdomo. Chungeni sana. Na kama kuna udongo anapata mahali, uzuieni, kwa sababu unamzidishia." Akaandika dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, akasema warudi baada ya mwezi.

Njiani Mbeyu alitangulia, kwa kuwa si adabu kutembea bega kwa bega na mume wa bintiye. Nyuma yake alimsikia Clifford.

"Mama, mwaka mzima na zaidi huyu mtoto amekaa na Mama Velma, hakuwahi kulala hospitali wala kupewa sindano nje ya chanjo. Umekuja wewe na kikapu chako. Nilitaka kukuambia kitambo. Mtu anampa mtoto vitu atie mdomoni makusudi?"

Ilisikika miguu ya Milcah tu, ikienda kwenye kokoto.

Mbeyu alijua kwamba hapo ndipo anapotakiwa kugeuka. Aliliona hata lile jiwe ambalo angesimama kando yake. Akalipita. Alikuwa amelitamani jambo hili kwa miezi miwili, na sasa lilikuwa limekuja lenyewe bila yeye kulisogeza hata kwa kidole, na hakuwa na hakika kama ni furaha inayomfanya apumue kwa shida au ni kilima walichokuwa wakikipanda.

Ijumaa Milcah alifunga begi. Alisema tu kwamba shamba limekaa bila mtu. Clifford, akienda kazini, angemwacha kwenye ofisi ya mabasi ya Changamwe asubuhi, apande basi la saa tisa. Langoni Milcah alimpa mtoto busu la utosini, kisha akamshika Mbeyu mikono yote miwili.

"Mama Velma, wewe ndiwe unayemjua. Mimi nilijifanya najua. Mchunge."

Mbeyu akasema, "Safari njema."

Walipotoka, Mbeyu alichukua udongo wote uliobaki, wa pindoni na wa chini ya godoro, akautupa chooni. Sasa ana mtoto wake. Haja ya udongo imekwisha. Atampa dawa, atampa mchicha na maini, damu itarudi, na hakuna atakayejua. Alifagia chumba chote. Alijiona mwepesi.

Saa tatu Ziro akaja, akafungua pindo la leso. Tupu. Akafungua la pili. Akamtazama usoni, akangoja. Mbeyu akampa kipande cha ndizi, akakitupa. Akalia, kilio kidogo cha mtoto asiye na damu, kisha akajilaza sakafuni kifudifudi na kuanza kulamba saruji. Mbeyu akamwinua. Mtoto akaponyoka, akaenda kwenye kona ambapo lipu ya ukuta imemomonyoka, akakwangua kwa kucha, akajaza kinywa.

Mbeyu akamfuata, akamshika taya, akaingiza kidole nyuma ya shavu.

Ziro akamng'ata.

Hakuwahi kumng'ata. Tangu jino la kwanza, kidole kile kilikuwa kikiingia na kutoka kama mwenye nyumba. Sasa alikikazia meno manne juu na manne chini, akikunja uso, na alipokiachia kilikuwa kinatoka damu. Midomo yake ilikuwa nyeupe kwa lipu, na macho aliyomtazama nayo nyanyake hayakuwa ya mtoto anayecheza. Alikuwa akimwomba, na alikuwa akimwogopa asimnyang'anye.

Mbeyu alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Alilia kidogo. Kisha akamwosha mtoto kinywa, akamfunga mgongoni, akachukua mkoba wake na kwenda kuvuka feri.

Alimkuta Milcah kwenye benchi la ofisi ya mabasi, begi katikati ya miguu, Biblia imefungwa mapajani. Milcah alipomwona aliruka.

"Mtoto ana nini?"

"Mtoto hana jambo. Kaa, Mama Clifford. Mimi ndiye nina la kusema." Hakukaa yeye. Alisema amesimama, kwa haraka, kabla miguu haijamgeuza. "Udongo anakula. Nampa mimi. Kwa mkono wangu huu, tangu mwezi wako wa kwanza ulipoisha. Si kijiko chako. Si kikombe. Ni mimi."

Abiria mmoja aligeuka kuwatazama, kisha akatazama pengine.

"Kwa nini?" Milcah akauliza. Aliuliza kama mtu asiyesikia vizuri.

"Alikuwa akikulilia wewe langoni."

Milcah alimnyoshea mikono, akampokea mtoto kutoka mgongoni, akamkalisha mapajani. Akamgeuza kiganja akakitazama.

"Pale kwa muuguzi ulinisikia nikijitaja."

"Nilikusikia."

"Na njiani ulimsikia mwanangu."

"Nilimsikia."

"Usiku ule sikulala, Mama Velma. Nilikuwa najiuliza ni kijiko gani sikukichemsha. Nilivihesabu kimoja kimoja."

Mbeyu alivuta leso akajifunika kichwa, kwa kuwa uso ulikuwa unamwungua.

"Na mimi nikuambie langu," Milcah akasema, bado akitazama kiganja. "Kila Jumapili Clifford akinipigia simu, nilikuwa namsikia huyu mtoto nyuma yake akiita Hawe, Hawe. Nikikata simu, nakaa na hasira mpaka Jumatatu. Ana jina la mume wangu, na hanijui! Sikuja kumwona tu. Nilikuja kumchukua."

"Najua. Niliwasikia dirishani."

Milcah akainua uso. Wakatazamana, na kwa muda kidogo kila mmoja alikuwa kama anajitazama kwenye kioo chenye ufa.

"Siwezi kukuambia si kitu," Milcah akasema mwisho. "Ni kitu. Ungemuua."

"Ndiyo."

"Mimi sitawaambia. Utawaambia wewe, na ni leo. Mwanangu asiponipigia simu usiku, nitajua hukusema."

Basi liliwaka. Utingo akaanza kuita abiria kwa tiketi. Ziro alikuwa amelala mapajani mwa Milcah, kinywa wazi, kitupu. Mbeyu hakumchukua. Alisimama akangoja mpaka utingo aliposema mara ya tatu kwamba gari linaondoka, ndipo Milcah mwenyewe akamrudisha.

Jioni Mbeyu alimngoja Velma mlangoni. Clifford alikuwa barazani anavua viatu, na Mbeyu asingeweza kumsemesha mume wa bintiye uso kwa uso jambo kama lile, basi alimsimulia Velma kwa sauti ya kutosha kufika barazani. Alisema yote. Alisema hata kuhusu lile jiwe la njiani.

Velma hakupiga kelele, na Mbeyu angependa angepiga. Aliingia chumbani kwa mamake, akakusanya nguo za mtoto, chupa ya dawa, mkeka mdogo. Alipopita mlangoni alisema, "Ulikuwa unanimwagia kopo kila jioni, Mama, nami nakuamini." Akaenda zake. Barazani Clifford alikohoa, akatoka nje ya ua na simu sikioni, na kabla hajafika mbali ilisikika akisema, "Mama? Mama, nisamehe."

Jumatatu mtoto alipelekwa kwa Fancy.

Fancy alikuwa mwanamke kijana wa nyumba ya jirani, anayelea watoto wa watu mchana, watoto sita kwa pamoja, kwenye chumba chenye sakafu ya vigae. Mbeyu aliukataza moyo wake usisikilize, lakini ukuta kati yao ulikuwa mfupi. Aliweza kuisikia chafya ya Ziro kati ya chafya za watoto wote. Alisikia akicheka, akajiuliza anachekeshwa na nini. Alisikia akinyamaza, akasimama, kidole kimenyooka, kisha akakumbuka na kukaa.

Mwisho wa mwezi damu ilikuwa tisa, na mwezi wa pili yake ikafika kumi na nusu. Velma aliyaleta majibu mwenyewe, akasimama mlangoni nusu ndani nusu nje. Jumapili iliyofuata alimleta mtoto alasiri, akakaa naye hapo hapo saa nzima, akitazama mikono ya mamake. Mbeyu hakumlaumu. Naye alikuwa ameuacha udongo, japo kinywa kilimsumbua kama cha mtu aliyeng'olewa jino.

Milcah alipiga simu jioni ya siku hiyo. Si kwa Clifford; kwa Mbeyu. Ilikuwa mara ya kwanza. Walisalimiana kwa urefu, wakaulizana mvua na mashamba.

"Mtoto je?" Milcah akauliza. "Anakula?"

"Amekula hapa wali na samaki. Siku za kazi sijui. Yuko kwa Fancy."

"Huyo Fancy ni mtu wa namna gani?"

"Ni msafi. Siwezi kumsingizia."

"Watoto ni wangapi?"

"Sita."

"Sita! Mtu mmoja?" Milcah alivuta pumzi. "Na Justus akiachwa asubuhi, analia?"

Mbeyu alisita. Alitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa ameshachoka na uongo.

"Halii. Jioni ndipo analia, Velma akienda kumchukua. Juzi alimng'ang'ania Fancy mgongoni akakataa kushuka."

Upande wa pili Milcah aliweka kitu chini, kikombe labda.

"Alikataa kabisa?" Milcah akauliza.

"Kabisa. Walimbandua wawili."

"Mhm," Milcah akasema.

Mbeyu aliijua hiyo mhm. Alijiegemeza ukutani, akanyosha miguu, akaisogeza simu vizuri sikioni.

"Na nywele zenyewe za huyo Fancy," akasema, "nyekundu, ndefu mpaka hapa kiunoni. Hebu niambie, Mama Clifford, mtoto akizitia kinywani?"

"Ndiyo hayo sasa," Milcah akasema. "Ndiyo hayo." Na wakaendelea kuongea mpaka salio likaisha.